Zawadi ya Noguchi na Ebola ya Beni na Butembo



Tarehe 30 mwezi wa nane mwaka 2019, katika muji wa Yokohama, inchi ya Japani, munganga mumoja wa Kongo alipewa zawadi kubwa ya elimu. Jina lake ni Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Zawadi yenyewe inaitwa Zawadi ya Hideyo Noguchi kwa Afrika. Karibu siku zile zile hesabu ya wagonjwa wa Ebola katika sehemu zetu ilifika 3.000, na hesabu ya wafu 2.000. Wakati ule wale waliokufa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walizikwa ndani ya mifuko, na watu wenye kuvaa nguo za kujilinda tangu kichwa mpaka miguu, na ndugu zao wakisimama mbali.

Watu wengine walifurahi kusikia jina la Kongo linasifiwa ngambo ya bahari. Wengine walinungunika: «Sisi tunakufa, na wakubwa wanapeana zawadi juu ya kufa kwetu.» Neno hili tungali tunalisikia, hata katika vinywa vya wakristu wazuri, hata katika nyumba ambamo mama au mutoto alikufa. Si neno la kuzarau. Lina maumivu ya kweli ndani yake. Padri asiyejua kulijibu afazali anyamaze, na padri anayetaka kulijibu anapaswa kwanza kujua mambo yalivyokuwa.

Basi tutaeleza kwa mupango: kwanza, zawadi hii ni nini, pili, aliyeipata alifanya kazi gani, tatu, namna gani dawa zilijaribiwa huku kwetu, ine, manunguniko ya watu na majibu yake, tano, inatupasa sisi kufanya nini.

I. Zawadi hii ni nini?

Wengi wetu tunajua Zawadi ya Nobel. Mwaka 2018 munganga Denis Mukwege wa Panzi, kule Bukavu, alipata Nobel ya Amani, na Kivu nzima ilishangilia. Lakini Nobel ile ilikuwa ya amani, si ya elimu ya uganga. Zawadi ya Noguchi ni ya uganga, na ilianzishwa kwa ajili ya magonjwa ya Afrika.

Hideyo Noguchi ni nani? Alizaliwa mwaka 1876 katika nyumba ya walimaji maskini kule Inawashiro, inchi ya Japani. Alipokuwa mutoto mudogo alianguka katika moto wa jikoni, na mukono wake wa kushoto ukaungua vibaya, vidole vikashikamana. Baadaye waganga wakaupasua mukono ule, naye akaanza kuutumia tena kidogo. Tangu hapo akatamani kuwa munganga. Alisoma kwa bidii, akaenda Marekani, akafanya kazi katika Chuo cha Rockefeller, muji wa New York. Mwaka 1913 alionyesha kwamba vijidudu vya kaswende vinaingia hata katika ubongo wa wagonjwa wenye kupooza na kupoteza akili. Sifa yake ikaenea pote.

Kisha alitaka kujua asili ya homa ya manjano. Alifikiri kwamba inatoka kwa aina fulani ya bakteria. Wenzake wakasema hapana. Basi akaja mwenyewe Afrika, mpaka Accra, katika inchi inayoitwa leo Ghana, kusudi achunguze. Huko akashikwa na homa ile ile, akafa tarehe 21 mwezi wa tano mwaka 1928. Baada ya kufa kwake ilijulikana kabisa kwamba homa ya manjano inatoka kwa virusi, si kwa bakteria. Katika neno lile Noguchi alikuwa amekosea.

Tulitafakari kidogo jambo hili. Zawadi inayobeba jina la mutu aliyekosea inatufundisha namna elimu inavyoendelea. Elimu haisemi: «Mukubwa amesema, imekwisha.» Inasema: «Twende tuangalie.» Na mwenye elimu wa kweli anakubali kwenda kuangalia, hata kama safari ile ni ya hatari.

Serikali ya Japani ilianzisha zawadi hii mwaka 2006. Kila mara inatolewa katika sehemu mbili: moja kwa wanaochunguza magonjwa, nyingine kwa wanaotunza afya ya watu. Kila sehemu inapata yeni milioni 100, karibu dola milioni moja kwa hesabu ya mwaka 2019. Mara ya kwanza ilitolewa mwaka 2008, kwa Mwingereza Brian Greenwood, aliyechunguza malaria, na kwa mama Miriam Were wa Kenya, aliyetumikia afya ya watu wa vijiji. Mwaka 2013 waliipata Mubelgiji Peter Piot na munganga Alex Coutinho wa Uganda. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Profesa Muyembe, pamoja na munganga Francis Omaswa wa Uganda.

II. Kazi ya Profesa Muyembe

Jean-Jacques Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika sehemu za Bandundu. Alisoma kwa mapadri Wayezuiti, kisha akasoma uganga katika Universite Lovanium ya Kinshasa, akamaliza mwaka 1969. Alikwenda Louvain, Ubelgiji, kupata udaktari katika elimu ya virusi. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi.

Mwaka 1976 habari ilifika Kinshasa kwamba watu wanakufa ovyo kule Yambuku, katika Equateur, kwenye hospitali ya misioni ya masista. Serikali ikamutuma Muyembe. Alikuta hospitali karibu tupu, wagonjwa wamekimbia. Watu walifikiri kwamba ni tifoide au homa ya manjano. Alitoa damu kwa wagonjwa, mikono mitupu, bila mifuko ya mikono, na aliona kwamba pahali alipochoma sindano damu haikatiki. Alinawa mikono kwa maji na sabuni. Mwenyewe amesema kwamba pengine kunawa kule ndiko kulimuponya. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mumoja mugonjwa, na sista yule akafa. Damu ya ugonjwa huo ikapelekwa Antwerpen kule Ubelgiji, na kutoka huko Marekani. Wenye elimu wakaona katika damu ile virusi ambavyo hakuna mutu aliyekuwa amevijua. Wakaviita Ebola, jina la muto ulio katika sehemu zile.

Katika Yambuku waliugua watu 318, wakafa 280. Ni kusema katika wagonjwa kumi, karibu tisa walikufa. Sababu moja ya kuenea ilikuwa sindano: zilikuwa chache, na zilitumiwa kwa mugonjwa huyu na huyu bila kuchemshwa vizuri. Hospitali iliyojengwa kwa upendo ilikuwa njia ya kifo kwa kukosa vyombo. Sisi wenye hospitali nyingi za misioni, tusisahau neno hilo.

Kwa muda wa miaka mingi vitabu na magazeti ya Ulaya vilipoandika juu ya kuvumbuliwa kwa Ebola, vilitaja Wabelgiji na Wamarekani, na jina la Muyembe halikusikilika sana. Peter Piot, aliyekuwa katika laboratwari ya Antwerpen, alipata Zawadi ya Noguchi mwaka 2013. Yule aliyeshika damu ya kwanza kwa mikono yake alingoja mpaka 2019.

Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Waliugua watu 315, na zaidi ya 240 wakafa, na kati yao masista sita Waitalia wa Bergamo waliokuwa wakitunza wagonjwa. Kanisa limekwisha kuanza njia ya kuwatangaza wenye heri. Kule Kikwit Muyembe na wenzake walijiuliza: Yule aliyepona, si ana katika damu yake silaha iliyoshinda ugonjwa? Wakachukua damu ya waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Saba wakapona.

Wenye elimu wa ngambo hawakukubali. Walisema: Watu nane ni wachache, hamukuwa na kundi lingine la kulinganisha, labda hawa saba wangepona vivyo hivyo. Neno hili liliuma, lakini tukubali kwamba lilikuwa neno la haki. Jibu lake lilipatikana kisha miaka zaidi ya 20, na lilipatikana huku kwetu, Beni na Butembo.

Tangu mwaka 1998 Profesa Muyembe aliongoza Institut National de Recherche Biomédicale ya Kinshasa, inayoitwa INRB. Alipigania kwamba damu ya wagonjwa wa Kongo ichunguzwe na kulindwa ndani ya Kongo, na vijana Wakongomani, wanaume na wanawake, wajifunze kufanya kazi hiyo wenyewe. Wakati wa Ebola ya kwetu, laboratwari za INRB zilifanya kazi papa hapa, na mugonjwa alipata jibu la damu yake bila kungoja ndege ya Kinshasa.

III. Pamoja Tulinde Maisha

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, kule Mangina, karibu na Beni. Ulienda Beni, kisha Butembo na Katwa, ukafika hata Ituri na Goma. Mwezi wa sita mwaka 2019 ulivuka mupaka ukaingia Uganda, sehemu za Kasese, lakini huko ulikatwa upesi. Ulikwisha tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020. Jumla: wagonjwa 3.470, wafu 2.287. Ni Ebola kubwa ya pili katika ulimwengu, kisha ile ya Guinea, Liberia na Sierra Leone.

Safari hii kulikuwa silaha mbili zilizokosekana Yambuku na Kikwit.

Silaha ya kwanza ni chanjo. Ilitengenezwa kwanza Kanada, na ilijaribiwa Guinea mwaka 2015. Huku kwetu zaidi ya watu 300.000 waliipata. Wengi waliuliza: «Mbona wanachanja nyumba hii na kuacha ile?» Maana yake ni hii: Nyasi zikiwaka moto, hatumwangi maji katika shamba lote, tunafyeka njia kuuzunguka moto. Vivyo hivyo waganga walitafuta wote waliogusana na mugonjwa, tena wale waliogusana na hao, wakawachanja, kusudi ugonjwa ukose njia ya kupita. Haukuwa upendeleo.

Silaha ya pili ni dawa. Kulikuwa dawa ine, na hakuna mutu aliyejua hakika ipi inaponya zaidi. Basi tarehe 20 mwezi wa kumi na moja mwaka 2018 uchunguzi ulianzishwa, na Profesa Muyembe alikuwa mumoja wa wakubwa wake. Uliitwa PALM. Wengi walifikiri kwamba ni jina la kizungu. Sivyo: ni herufi za maneno ya luga yetu, Pamoja Tulinde Maisha. Ulifanyika katika vituo vine: Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Namna gani? Mulimaji wa Lubero akitaka kujua mbegu gani ya viazi inazaa zaidi, hapandi moja bondeni katika udongo mweusi, na nyingine mulimani katika mawe. Akifanya hivyo, mavuno yatamudanganya. Anapaswa kuzipanda katika udongo mumoja, na mvua moja. Vivyo hivyo na dawa. Kama munganga angechagua mwenyewe, labda angempa mwenye hali mbaya dawa hii, na mwenye nguvu dawa ile, na mwisho asingejua kilichoponya. Ndiyo sababu kila mugonjwa aliyekubali, au ndugu zake waliokubali kwa ajili yake, alipewa moja ya dawa zile kwa kura. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Wote walipata maji, chakula na matunzo sawasawa.

Wengine walisema: «Walituchezea bahati.» Lakini mutu akifikiri vizuri ataona kwamba wakati hakuna anayejua dawa iliyo bora, kura ni njia ya haki: haiangalii tajiri wala maskini, Munande wala mugeni.

Tarehe 9 mwezi wa nane mwaka 2019 wakubwa wa uchunguzi walisimamisha kura mbele ya wakati, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuonekana. Wagonjwa 681 walikuwa wameingia. Katika waliopewa dawa ya ZMapp, karibu 50 kwa mia walikufa. Katika wale wa remdesivir, 53 kwa mia. Lakini katika wale wa dawa inayoitwa mAb114 walikufa 35 kwa mia, na wale wa REGN-EB3 karibu 34 kwa mia. Na wale waliofika mapema, virusi bado vichache katika damu, wakapewa moja ya dawa hizi mbili: katika watu kumi, karibu tisa walipona. Kumbukeni Yambuku: katika kumi, karibu tisa walikufa.

Dawa hizi zinafanya kazi gani? Mutu akishikwa na ugonjwa, mwili wake unatengeneza askari wadogo katika damu. Kila aina ya askari inajua adui mumoja tu. Askari wa Ebola anashikamana na virusi pale pale ambapo virusi vinataka kufungulia mulango wa kuingia katika mwili, na mulango unabaki umefungwa. Lakini Ebola inaua upesi, na mara nyingi mugonjwa anakufa mbele ya askari wake kuwa tayari. Dawa hizi ni askari waliokwisha kutengenezwa katika laboratwari, wanatiwa katika mushipa wa damu kama musaada.

Na askari wa mAb114 walitoka wapi? Walitoka katika damu ya mutu mumoja wa Kikwit aliyepona Ebola mwaka 1995. Kisha miaka 11 alikubali kutoa damu yake tena. INRB na wenye elimu wa Marekani wakatafuta ndani yake askari aliye bora, wakamuzidisha. Basi lile wazo la Kikwit, lililokataliwa kwa sababu watu nane ni wachache, lilionekana kuwa la kweli kwa ushuhuda wa wagonjwa wetu. Wiki tatu baadaye, Muyembe alipokea zawadi Yokohama.

IV. Manunguniko na majibu

Neno la kwanza: «Mbona walikuja kwa ajili ya Ebola tu?» Tunapaswa kusema kweli. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, na kilio chao hakikuleta watu wengi. Mara Ebola ilipotokea, magari mengi yakafika, na feza nyingi. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 uchaguzi ulisimamishwa Beni na Butembo, na ugonjwa ulitajwa kuwa sababu moja. Tena katika muda ule surua iliua zaidi ya watoto 6.000 katika Kongo, na haikupata kelele kama ile. Ndiyo sababu watu waliona Riposte kama biashara ao siasa. Hatuwezi kuwaita wajinga. Mutu aliyedanganywa mara nyingi anajilinda kwa kutosadiki.

Lakini hapo pana hatari. Hasira ya haki inaweza kumuangukia asiye na kosa. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, katika muda wa siku chache. Tarehe 19 mwezi wa ine munganga Richard Mouzoko wa Kameruni aliuawa kwa risasi katika Kliniki za Universite ya Graben, Butembo. Hakuwa ameahirisha uchaguzi. Hakuwa ameua mutu Beni. Alikuwa amekuja kutunza wagonjwa, na aliacha muke na watoto. Kila mara kituo kilipofungwa, wagonjwa walibaki nyumbani, na nyumba moja ikaambukiza nyingine.

Neno la pili: «Dawa ni ya wazungu.» Ni kweli kwamba viwanda na feza vilikuwa vya ngambo. Lakini damu ilikuwa ya mutu wa Kikwit, jina lilikuwa la Kiswahili, wagonjwa walikuwa wa Beni na Butembo, na katika maandiko yaliyotangaza matunda ya uchunguzi, jina la kwanza ni la Mukongomani, munganga Sabue Mulangu wa INRB. Hata hivi kuna deni. Mwaka 2020 Marekani ilikubali dawa zile mbili ziuzwe, na mwaka 2022 OMS ilishauri zitumiwe kwa wagonjwa wa Ebola. Lakini ni dawa za bei kali sana, na Madaktari Wasio na Mipaka wamenungunika waziwazi kwamba sehemu kubwa ya akiba imewekwa Marekani. Dawa iliyojaribiwa juu ya wagonjwa wetu inapaswa kuwafikia wagonjwa wetu kwanza. Hiyo ni haki, si sadaka, na tusichoke kuisema.

Neno la tatu: «Zawadi ni ya mutu mumoja, na walioteswa ni wengi.» Hilo ni kweli pia. Waliofanya kazi katika hospitali na vituo vya afya, zaidi ya 160 walishikwa na ugonjwa. Waliopona walirudi kutunza watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wagonjwa, kwa sababu wao hawakuogopa kuwabeba. Kulikuwa wafukuaji wa makaburi waliopigwa mawe na watu, wakarudi kesho yake. Na kulikuwa wale 681, ambao wengi wao hawakupona, na bila wao tusingejua dawa ipi ni nzuri. Zawadi haiwezi kutaja wote. Lakini mutu anayeheshimu zawadi vizuri anasikia majina hayo yote ndani ya jina moja, kama vile tunavyosikia taifa zima la Mungu ndani ya jina la mutakatifu mumoja.

Neno la ine linasemwa zaidi katika vyumba vya sala: «Kusifu waganga ni kupunguza imani, Mungu peke yake anaponya.» Hapa mafundisho ya Kanisa ni wazi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumuheshimu munganga, maana Mungu ndiye aliyemuumba na ndiye aliyetia dawa katika udongo. Anaamuru mugonjwa asali, tena amupishe munganga. Mutaguso wa Vatikano wa pili, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unaeleza kwamba vitu vilivyoumbwa vina sheria zake alizozitia Mungu mwenyewe, na yule anayezichunguza kwa unyenyekevu anaongozwa na mukono wa Mungu, hata asipojua. Anayesema «sala bila munganga» anagawanya vitu viwili ambavyo Mungu aliviunganisha. Na watu walikufa kwa ajili ya ugawanyaji huo: wagonjwa waliofichwa katika vyumba vya sala ao katika vituo vidogo vya waganga wasio na elimu ya kutosha, wakishikwa-shikwa na wote, walifika hospitali wakiwa wamechelewa, ao hawakufika kabisa.

V. Inatupasa kufanya nini?

Kwanza, tusome elimu ya vitu vya dunia bila kuizarau. Waseminari wengine wanafikiri kwamba hesabu, kemia na biolojia ni mateso ya kupita tu mbele ya kufika kwenye teolojia. Lakini padri ndiye anayeulizwa katika kijiji, hata mbele ya munganga: «Padri, chanjo hii ni nzuri?» Akijibu ovyo, watu wanaweza kufa juu ya jibu lake. Mutakatifu Alberto Mukubwa, mulinzi wa wenye elimu ya viumbe, alikuwa askofu na mwalimu wa teolojia, na alichunguza majani na wanyama kwa macho yake mwenyewe.

Pili, tuwasaidie vijana wa kwetu. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Universite Katoliki ya Graben hapa Butembo, wakati wengi walisema kwamba haiwezekani, na kitivo cha uganga kimo ndani yake. Mutoto wa Lubero ao wa Oicha anaweza kuwa mwenye kuchunguza magonjwa ya inchi yake. Mapadri wa parokia wanajua mutoto gani ana akili na hana feza. Wasingoje mutu mwingine awatafute.

Tatu, tufundishe watu kupima maneno. Wakati wa Ebola tuliacha kupeana mikono katika salamu ya amani, na wengi waliona uchungu. Lakini walipoelezwa sababu kwa utulivu, na kwa luga yao, walikubali. Watu wetu hawakatai elimu. Wanakataa kuamuriwa bila kuelezwa. Profesa Muyembe, aliyepewa uongozi wa kazi yote mwezi wa saba mwaka 2019, alisema mara nyingi kwamba ugonjwa huu haushindwi bila watu wenyewe wa mahali.

Ine, tukae tayari. Ebola ilirudi sehemu za Butembo mwezi wa pili mwaka 2021, ikarudi Beni mwezi wa kumi mwaka ule ule, na tena Beni mwezi wa nane mwaka 2022. Kila mara ilikatwa kwa muda wa miezi michache, na wafu walikuwa wachache, kwa sababu chanjo na dawa vilikuwapo na wauguzi wa kwetu walijua kazi. Uchunguzi wa PALM ulionyesha neno moja ambalo kila padri aliweke katika mahubiri yake: kila siku mugonjwa anayokaa nyumbani mbele ya kufika kituoni, hatari ya kufa inaongezeka. Basi, homa kali ikitokea, pamoja na kutapika ao kutoka damu, tusiseme «tungoje kesho tuone». Tusali naye bila kumugusa, tumwite munganga siku ile ile, na ndugu zake wasiachwe peke yao.